Upande wa Kwao

Mgongo wangu ni mzima. Naanza na hilo kwa sababu watu wa mtaa huu wamenipa pole ya mgongo kwa miaka arobaini na tisa, na mimi naitikia tu, "Afadhali leo." Kuna mzee mmoja, fundi viatu wa pale kona, kila akipata dawa mpya ya kuchua ananigawia nusu. Nina chupa saba ndani. Mgongo haujawahi kuniuma hata siku moja, na kazi yangu ni ya kuinama.

Mimi ni fundi bati. Mifereji ya kukingia maji ya mvua, ndoo, faneli, masanduku ya wanafunzi wa bweni, hizo ndizo kazi zangu. Shule sikufika mbali; nilipojua kusoma vipimo kwenye rula nikaona inatosha. Kwa hiyo haya ya ubongo na sauti nayasimulia kama nilivyoelezwa, na nilielezwa polepole, mara mbili, na binti mmoja mvumilivu sana.

Aliyetupeleka huko ni mjukuu wangu. Tunamwita Bosi tangu ana miaka minne, kwa jinsi alivyokuwa akitupanga nani akae wapi mezani. Sasa ana ishirini na nne, anauza kwenye duka la dawa. Baba yake alikuwa mwanangu wa kwanza. Nasema alikuwa. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na alikuwa na ugonjwa ambao madaktari wanauita baipola. Sisi nyumbani tuliuita kupanda na kushuka, maana ndivyo ulivyo. Akipanda halali, anaongea mpaka mate yanamkauka, anasahihisha madaftari ya darasa lake na ya darasa la jirani ambalo hakutumwa. Akishuka anageukia ukutani. Ulimwanza ana miaka ishirini, ukamchezea miaka ishirini na mitano, na katika kushuka kumoja hakupanda tena. Alijiondoa mwenyewe. Sitasema zaidi ya hapo, alikuwa mtoto wangu.

Bosi akabaki na swali lake: na mimi ninao? Alikuwa na mchumba, fundi umeme, kijana mpole, akawa anamzungusha tu, subiri kidogo, subiri kidogo. Siku moja akaja na karatasi kutoka hospitali kubwa. Kuna watafiti wanatafuta familia zilizokuwa na mgonjwa wa aina ile. Wanataka wazazi wake, watoto wake, hata wale ambao hawajawahi kuugua. Wanawavisha kofia yenye nyaya, wanawatia sauti masikioni, wanaangalia ubongo unavyoitikia.

"Tunakwenda wote watatu," akasema Bosi. Huyo hasemi mara mbili.

Mke wangu akaenda kuchagua kitambaa cha kichwa. Nikamwambia huko watakuvua hicho kitambaa wakuvishe nyaya. Akasema basi wavue kizuri.

Mimi ndiye niliyeogopa. Na hapa lazima nirudi nyuma, mnivumilie.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, mke wangu ana mimba ya miezi mitano, ya huyo huyo mwalimu. Siku moja nikaamka niko mwepesi. Sijui niseme vipi. Mikono ilikuwa inajua kila kitu. Nikaanza sanduku la bati, zuri, kona zimekaa, na kabla sijalimaliza nimeshaliona la pili kichwani, na la tatu. Kulala sikulala, sikuona haja. Bati likaisha, nikachukua bati la mteja aliyetaka mifereji. Likaisha hilo nalo, nikapanda juu ya jiko letu nikaanza kung'oa paa. Mke wangu amesimama chini, mkono mmoja kiunoni, mwingine tumboni, ananiuliza mvua ikija je. Nikamwambia mvua ikija tutaingia kwenye masanduku. Nilicheka sana hiyo, peke yangu. Siku kumi na moja, masanduku thelathini na nane. Nikayagawa barabarani. Kuna mama alikuwa hana hata mtoto wa shule, nilimpa manne.

Siku ya kumi na mbili ikawa kama mtu amezima mota. Nikalala nimeangalia ukuta, miezi mitatu. Kuoga nilisahau, kula nililishwa. Na watu walipokuja kuuliza, mke wangu alisimama mlangoni akawaambia: alipanda paa, akateguka mgongo. Ndio mgongo wenyewe huo.

Ilinirudia mara mbili tena, si kwa nguvu zile, nikiwa na thelathini na nne, halafu nikiwa na arobaini. Mke wangu alikuwa ananiangalia macho tu, anajua. Anaficha mkasi wa bati, anachukua ufunguo wa karakana, ananikalisha. Baada ya hapo haikuja tena. Hatukuipa jina, na hatukuizungumza.

Sasa mwanangu alipoanza, nilijua siku ile ile. Alikuwa amekuja likizo kutoka chuo cha ualimu, nikamkuta ana chaki anaandika hesabu kwenye ukuta wa nje wa nyumba, kuanzia mlangoni mpaka bombani, anaandika huku anacheka. Nikaiangalia ile mikono. Ilikuwa mikono yangu ya masanduku.

Dada zangu wakaja, wajomba wakaja, sebule ikajaa. Dada yangu mkubwa akauliza, kitu hiki kimetoka wapi, kwetu hakipo. Wote wakaniangalia mimi. Nikasema, "Ni upande wa kwao. Si yupo yule shangazi yake?"

Kweli alikuwepo shangazi wa mke wangu, mama mmoja mzee aliyekuwa anaongea peke yake njiani. Mpaka leo naamini yule mama alikuwa mpweke tu, na anapenda mazungumzo. Basi pale pale mke wangu akawa anaingia na sinia la vikombe. Amesikia. Akaniangalia. Akaweka sinia chini, akamimina chai, akaanza kunipa mimi.

Hakusema kitu siku ile. Wala kesho yake, wala miaka yote iliyofuata.

Lakini maneno ya sebuleni yalitoka nje. Mke wangu ana mdogo wake, kitinda mimba wa kwao, alimlea mwenyewe mama yao alipofariki. Wakati ule alikuwa na miaka ishirini na nane, ameposwa na dereva wa lori, watu wameshakubaliana, kitambaa cha gauni kimeshanunuliwa. Wiki mbili baada ya kikao chetu wakaja wazee wawili, wakakaa ukingoni mwa viti kama watu wenye haraka, wakasema kijana ameona asubiri kwanza, wamesikia kwenye ukoo kuna tatizo la kichwa. Kijana akaenda kuoa kwingine. Shemeji yangu hakuja mtu mwingine kumposa. Yuko peke yake mpaka leo.

Na mwanangu mwenyewe aliwahi kuniuliza. Alikuwa ametoka hospitali, yuko karakana ananishikia bati nikate. Akasema, "Baba, wewe hujawahi kujisikia hivi? Hata kidogo?" Nikamwambia shika vizuri, bati litakukata.

Basi mtaelewa kwa nini Bosi aliposema kuna mashine ya kusikiliza ubongo nilikosa raha. Niliona imeshanikamata. Ikinitia sauti masikioni tu, itaandika masanduku yote thelathini na nane. Ndipo likanijia wazo la pamba. Karakana huwa naziba masikio kwa pamba nikigonga bati nene. Asubuhi ile nikasokota pamba mbili, nikazisukuma ndani kwa njiti ya kiberiti mpaka zisionekane. Nilijiambia, sauti isipoingia, ubongo utaitikia nini?

Njiani Bosi akiniuliza kitu naitikia "ndiyo". Umekunywa chai? Ndiyo. Tushuke hapa? Ndiyo. Tukashuka kituo kimoja kabla, tukatembea kwa mguu, mke wangu analalamikia viatu.

Chumba chenyewe ni kidogo, kuta zimevishwa sponji, kiti kama cha kinyozi, na televisheni inaonyesha samaki wanaogelea bila sauti. Binti wa pale alikuwa na koti jeupe limekatika kifungo kimoja. Alianza kwa maswali, tuko wawili tu, ananyanyua sauti kwa kuwa aliona nageuza kichwa. Akauliza kama nimewahi kuwa na siku kadhaa mfululizo za kulala kidogo sana bila kuchoka, nina nguvu, mawazo yanakimbizana. Nikasema hapana. Akauliza kama nimewahi kuwa na majuma ya kukosa hamu ya kitu chochote. Hapana. Kwenye ukoo, je? Nikasema kwetu hapana, ila upande wa mke wangu, yuko shangazi. Nikalisema tena, baada ya miaka ishirini na nane, mbele ya watu wa sayansi, na akaliandika.

Halafu akachukua kitochi kuniangalia masikio kabla ya kuniwekea visikilizio vyao. Akachungulia tena. Akasema, "Babu, humu kuna kitu." Akazivuta kwa kibano, moja, mbili, akaziweka kwenye karatasi nyeupe, zimelala pale kama mabuu. Nikasema ni za kazini, nimesahau. Bosi alikuwa amechungulia mlangoni na bibi yake, alicheka mpaka akashika ukuta. Mke wangu hakucheka. Aliziangalia zile pamba, akaniangalia mimi, akarudi kukaa kwenye benchi.

Nikavishwa kofia, nikapakwa jeli kichwani kwa bomba la sindano lisilo na sindano, baridi, vitundu thelathini na kitu. Kisha sauti. Kwanza ni ti, ti, ti, ti, halafu ghafla inakuja to. Binti alinieleza kwamba hata ukiwa unaangalia samaki, ubongo unaishtukia hiyo to wenyewe, bila kukuomba ruhusa. Nyingine ni mlio wa kugonga haraka sana, arobaini kwa sekunde, kama mashine ya kusaga iliyo mbali. Hapo ubongo unapaswa kwenda nao sambamba, kama watu wanaopiga makofi kufuata ngoma. Kwa baadhi ya wenye ugonjwa ule makofi yanalegea, au yanachelewa. Na wanachotaka kujua wao ni kama kulegea huko kupo hata kwa ndugu zao ambao hawajaugua, kama ni alama inayotembea na damu.

Nikamuuliza, sasa kwangu unaona nini? Akasema hawezi kusoma kitu kwa mtu mmoja. Wanakusanya mamia ya watu ndio waone kama kuna tofauti, na kazi bado haijaisha. Akamwambia Bosi hivyo hivyo, kwamba mashine hii haiwezi kukuambia utaugua au hutaugua. Bosi akainamisha kichwa kama mtu aliyefika dirishani akaambiwa muda umekwisha. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Mke wangu aliingia wa mwisho, akakaa muda mrefu. Tulipokuwa tunatoka, Bosi ametangulia, alinishika mkono kwenye ngazi. Nywele zake zimejaa jeli, kitambaa ameshakifunga tena.

"Nimewaambia ni kwetu," akasema. "Nimewatajia shangazi, nikaongeza na babu. Tulia sasa."

"Mama, hukuwa na haja," nikamwambia.

"Na wewe hukuwa na haja ya pamba."

Ikawa hivyo. Tukapanda gari, tukarudi nyumbani.

Miezi mitano baadaye moyo wa mke wangu ulichoka. Alilazwa siku tisa, hakurudi nyumbani. Mdogo wake, huyo shemeji yangu, aliomba ruhusa kazini akakaa naye wodini, anamwosha uso, anamlisha kwa kijiko, anamsuka nywele nusu nusu kwa sababu akikaa sana anahema. Mimi nilikuwa nakwenda saa za kuona wagonjwa. Siku ya sita nikamwambia kuna jambo nataka kulisema, tena mbele ya mdogo wako. Akaniambia niende nyumbani nikafunge dirisha la stoo, mvua inakuja. Nikaenda. Na kweli mvua ilikuja. Sikupata nafasi nyingine, au nilipata nikaiacha, sijui, siku zile zimechanganyika.

Utafiti wao unataka watu warudi kila baada ya mwaka. Bosi hakunilazimisha safari hii. Alisema, babu, kama huwezi basi. Nikasema naweza. Nilikwenda masikio matupu.

Yule binti akafungua faili, akaanza maswali yale yale. Aliposema kulala kidogo bila kuchoka, nikasema ndiyo. Akaniangalia. Nikamwambia aweke kalamu chini kwanza asikilize, halafu ndio aandike. Nikamweleza masanduku, paa, ukuta, mgongo. Alisikiliza bila kunikatiza, na jeli ilikuwa inakauka kwenye bakuli. Nilipomaliza akaandika, ukurasa mzima na nyuma yake.

Nikamwambia, "Sasa toa na karatasi ya mke wangu, mfute pale aliposema ni kwao."

"Siwezi, babu. Majibu ya mtu ni yake. Angeweza kuyabadilisha yeye tu."

"Hata kama si kweli?"

"Naandika lako kwenye faili lako. La kwake linabaki kama alivyolisema."

Aliongea kwa upole, na najua alikuwa anafuata kazi yake. Lakini nilikaa kwenye kile kiti cha kinyozi nikashindwa kuinuka. Mahali fulani kwenye kabati la chuma kuna karatasi yenye mwandiko wa binti yule na maneno ya mke wangu, na inasema uongo kwa ajili yangu. Itaendelea kusema hivyo na mimi nikishazikwa.

Bosi nilimwambia nje, kwenye benchi. Nilitegemea alie, au anifokee. Alikuwa anajipangusa jeli shingoni kwa karatasi laini, akawa anapangusa mahali pale pale.

"Ya mwisho ulikuwa na miaka mingapi?" akauliza.

Nikasema arobaini.

"Na ukaendelea na kazi. Ukatulea."

Nikasema ndiyo.

"Baba angependa kulijua hilo," akasema.

Alisema taratibu kabisa, kama anaongea na mteja wa dukani. Afadhali angenipiga. Tukakaa. Watu wakapita na mafaili yao. Kisha akauliza kama bibi mdogo anajua, yaani shemeji yangu. Nikasema hajui. Akasema basi yeye atarudi peke yake, mimi niende huko, leo leo.

Shemeji yangu anafua na kupiga pasi kwenye nyumba moja ya wageni. Nilimkuta uani, mchana, mashuka yamekauka kwenye kamba. Miaka hamsini na saba sasa, nywele zimeanza mvi mbele, mikono imekwaruzwa na sabuni. Akafurahi kuniona. "Shemeji, umekuja wakati mzuri," akasema. "Shika huku. Au mgongo?"

Nikasema mgongo mzima.

Kukunja shuka kubwa kunataka watu wawili. Mnashika kona, mnarudi nyuma, mnalivuta linyooke, mnasogeleana, mmoja anamkabidhi mwenzake kona zake, anashika lile pindo la chini, mnarudi nyuma tena. La kwanza akanisimulia habari za mgeni aliyeondoka na mto. La pili tukalikunja tu. La tatu nikaanza kusema. Nilikuwa nikisema kidogo, tunasogeleana, nampa kona, tunarudi nyuma, nasema kidogo tena. Masanduku. Ukuta. Mtoto na chaki yake. Sebule, na nilichosema sebuleni. Hakuacha kukunja. Tulimaliza la nne na la tano namna hiyo, yamekaa sawa kuliko yale mawili ya mwanzo. Kwenye la sita alikuja kupokea kona, akazishika, akabaki amesimama mbele yangu, shuka likiwa katikati yetu.

"Dada alijua?"

Mimi nilikuwa nimekwenda kumsafisha mke wangu. Njia nzima nilifikiri hivyo, kwamba nikisema tu, ukoo wao unakuwa safi na yeye anakuwa safi. Sikuwa nimeona kwamba swali hili linanisubiri pale uani. Nikisema hakujua, anabaki dada mwema aliyesingiziwa pamoja na wenzake. Nikisema alijua, basi aliwaona wale wazee wawili wakikaa ukingoni mwa viti, aliona kitambaa cha gauni kikikatwa foronya, alikuwa na neno la kuyazuia yote hayo, na hakulisema, kwa sababu yangu. "Hapana" ilikuwa tayari mdomoni. Nimeizoea, inatoka yenyewe.

"Alijua," nikasema. "Tangu mwanzo."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayeelekezwa njia. Akalimalizia lile shuka, akaliweka juu ya mengine, akalipapasa kwa kiganja.

"Siku tisa nilimlisha kwa kijiko," akasema. "Na alikuwa anaongea vizuri tu."

Mashuka yalikuwa yamebaki manne kwenye kamba. Akaenda akaanua moja, na mimi nikanyoosha mikono nipokee kona. Akalibana kwa kidevu, akalikunja peke yake. Akaanua la pili. Nilisimama pale, mikono mbele, mpaka yakaisha yote.